Mkwaruzo Uliopotea

Jumatatu, 6 Oktoba

Uji wa Mzee, chai, mkate wa Salma wa shule. Kama kila siku. Idrisa ametoka alfajiri kwenda kazini ghalani kwa basi. Gari kaniachia mimi.

Nimeshuka maegesho ya chini na Salma. Nikafungua mlango wa nyuma wa kulia niweke mkoba wake. Mkwaruzo haupo.

Ule wa toroli la dukani, chini ya kitasa, mrefu kama mkono wangu. Ulikuwa umekula rangi mpaka ikaonekana ile ya kijivu ya chini. Mwaka mzima nimeutazama. Mwaka mzima nimemwambia Idrisa autengeneze, na kazi yenyewe anaijua. Kabla hatujaja huku ughaibuni alikuwa Chumbageni, Tanga, ananyoosha bodi za magari na kupuliza rangi. Jibu lake ni lile lile. Wikiendi. Wikiendi ijayo.

Nimepitisha kidole. Laini. Ukucha haukukwama popote.

Wiki iliyopita gari lilikuwa kwa fundi wa breki. Ndivyo alivyoniambia. Fundi wa breki hapaki rangi.

Na kama katengeneza yeye, mbona kanyamaza? Idrisa akibadilisha balbu ya jikoni nyumba nzima inajua.

Jumanne, 7 Oktoba

Sikumuuliza. Nilitaka aseme mwenyewe. Jana wakati wa chakula nikampa nafasi, nikasema gari limependeza. Akasema, "Nililiosha." Akaendelea kumenya chungwa la Mzee.

Mzee ni baba yake. Anakaa nasi tangu mkewe alipofariki. Alikula vijiko viwili akasema ameshiba. Siku hizi hali chakula vizuri. Nitampikia mchuzi wa samaki.

Leo kazini nimeegesha nje ya kliniki ya meno, juani. Hapo nikaona. Mlango wa nyuma ni bluu nyingine. Siyo sana. Chini kwenye taa za maegesho huwezi kujua. Juani unajua. Rangi yetu ina chembechembe za fedha, na kwenye mlango ule zimelala vingine, unang'aa kuliko mlango wa mbele. Na siyo pale palipokuwa na mkwaruzo tu. Mlango mzima. Na ubavu wa nyuma yake mpaka karibu na gurudumu.

Miaka yote hii nimekuwa mke wa fundi rangi. Mkwaruzo wa toroli unapigwa msasa laini, unapakwa kwa kibrashi, vanishi, polishi, basi. Mlango mzima unapulizwa kukiwa na kitu kikubwa cha kufunika.

Nimesafisha vyombo vya meno mchana kutwa na sikumbuki hata kimoja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekutana na Otieno dukani, kwenye nyama. Mkenya, yuko zamu moja na Idrisa.

"Mama Salma, mtoto ako aje sasa?"

Nikauliza mtoto yupi.

"Si huyu wenu. Wiki jana Idrisa alikuwa anatoka job mapema, akasema msichana amelazwa na homa. Tukasema pole."

Nikasema amepona, tunashukuru. Uongo ulinitoka kabla sijafikiri. Sijui nilikuwa namlinda nani.

Salma hajaugua tangu shule zifunguliwe. Na wiki iliyopita Idrisa alikuwa anarudi nyumbani baada ya magharibi, akiniambia kazi zilikuwa nyingi. Kule katoka mapema, huku kafika kwa kuchelewa. Katikati alikuwa wapi?

Nimefika nyumbani nikachukua koti lake kabatini, nikalinusa. Nilikuwa natafuta manukato. Nimekuta thina, ile ya kuchanganyia rangi.

Kidogo nifurahi. Halafu sikufurahi tena. Mwanamke ningejua namna ya kumgombeza. Kwa hili sijui hata naanzia wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya taa karibu na kituo cha basi cha kliniki. Ina siku kadhaa pale. Mimi napita na gari, sikuwahi kuisoma. Leo dada wa mapokezi ndiye aliyeitaja.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, asubuhi, mtu mzima aligongwa akivuka barabara na mifuko yake ya sokoni. Gari halikusimama. Gari la rangi iliyokoza, labda bluu, labda nyeusi. Alikuwa amevaa koti la njano. Yuko hospitali. Familia yake inaomba aliyeona chochote aseme.

Jumamosi asubuhi mimi huwa kliniki. Idrisa humpeleka Salma chuo cha Kurani pale msikitini, kwenye ile plaza ya maduka. Njia ni hiyo hiyo. Jumatatu yake gari likaenda "kwa fundi wa breki".

Nimerudi ndani nikaosha mikono. Nikaiosha tena.

Hapana. Idrisa hawezi kumwacha mtu barabarani. Yeye ndiye anayeshuka kwenye theluji kumsukumia mtu asiyemjua gari.

Lakini wiki iliyopita ningeapa vilevile kwamba hawezi kuwaambia watu mwanawe kalazwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimebadilishana zamu. Nimesema nitampeleka Salma mimi. Idrisa aligeuka haraka mno. "Kwa nini?" Nikasema nataka tu. Akatazama mlango wa chumba cha Mzee.

Kwenye gari Salma akaingia upande wa kushoto. Kiti chake ni cha kulia, tangu akiwa mdogo. Nikamwambia, mbona huko? Akainua mabega.

Nikaendesha kidogo. Nikamuuliza polepole: ile Jumamosi, kabla gari halijaenda kwa fundi, kulitokea nini? Akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba Baba kasema hiyo siyo habari ya kumwambia Mama.

Ana miaka tisa. Alisema huku anatazama nje.

Nilitaka kumbana. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikayameza, nikamwambia sawa, nitamuuliza Baba mwenyewe. Mabega yake yakashuka. Kumbe alikuwa ameyainua muda wote huo.

Nimekaa garini nje ya msikiti mpaka walipotoka. Sina hasira na mkwaruzo wala rangi. Nina hasira kwamba amemfundisha mtoto kunificha.

Jumapili, 12 Oktoba

Wametoka wote watatu kwenda kwa kinyozi, Mzee anyolewe. Nimefungua kabati la veranda. Nyuma ya ndoo za achari kuna mfuko. Tepu ya karatasi, kopo la rangi ya kupuliza, vitambaa, vipande vya msasa vilivyotumika.

Msasa una vumbi la bluu. Nimeupeleka dirishani. Una njano pia.

Gari letu halina njano popote.

Koti haliachi rangi. Najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Koti ni kitambaa. Lakini nimekaa sakafuni na kile kipande mkononi na akili haikutaka kusikia habari za kitambaa.

Waliporudi nilikuwa napika pilau. Mzee kanyolewa vizuri. Idrisa akasema nyumba inanukia. Nikamtazama mikono. Mikono ile ile.

Kesho ni sikukuu ya huku, hakuna kazi. Kesho nitamuuliza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Naandika kabla sijasahau ilivyokuwa, ingawa sidhani kama nitasahau.

Salma alikuwa kwa jirani anacheza. Nikaweka kipande cha msasa mezani mbele ya Idrisa. Nikamwambia, "Ulimgonga nani?"

Hakuelewa, au alijifanya. Akasema hajamgonga mtu. Nikamwambia habari ya karatasi kwenye nguzo. Nikamwambia habari ya Otieno. Nikamwambia kama hasemi ukweli napiga simu polisi mimi mwenyewe, na nilikuwa nimeshika simu.

Mlango wa chumba ukafunguka. Mzee kasimama pale na shuka mabegani.

"Muache, mwanangu," akaniambia. "Aliyekuwa anaendesha ni mimi."

Nilimkataza Mzee kuendesha tangu mwisho wa majira ya baridi. Siku moja tulikuwa njiani, yeye kashika usukani, akaipita taa nyekundu ya upande wa kulia kana kwamba haipo. Nilimwambia kwa heshima, na Idrisa akakubali mbele yangu. Kumbe Septemba nzima bosi wake alikuwa anamwita Jumamosi. Hakuniambia, kwa sababu ningeuliza Salma anaenda chuo na nani. Alikuwa anapanda basi na kumwachia Mzee ufunguo. Mimi natoka kwanza, wao wanatoka baada yangu.

Mwezi mzima. Na mtoto kwenye kiti cha nyuma.

Mzee akakaa. Akasema siku ile alikuwa anakata kona, akasikia kitu kinakwaruza upande wa kulia, kikapiga, gari likayumba kidogo. Hakuona kitu. Akaendelea mpaka msikitini. Ijumaa iliyofuata akasikia watu msikitini wanamzungumzia yule aliyegongwa.

"Tangu siku hiyo sijui nimefanya nini," akasema.

Idrisa akapandisha sauti, jambo ambalo hafanyi kwa baba yake. "Ni nguzo, Baba. Mara ngapi nikwambie? Rangi ya njano ilikuwa mlangoni, nimeitoa kwa msasa mimi mwenyewe."

"Umeitoa," Mzee akasema. "Mimi sikuiona."

Nikamuuliza Idrisa nguzo gani. Akasema ya pale plaza, itakuwa. Itakuwa? Ulikwenda kuitazama? Akainamisha kichwa. Hakwenda. Alikuwa na haraka ya kupaka rangi kwa rafiki yake mwenye gereji kule Weston, kabla sijaona. Nikamwambia una wiki mbili, umeshindwa kwenda kutazama nguzo?

Akanijibu kwa sauti ndogo, "Niliogopa nisiikute."

Kwa hiyo naye hajui. Ana matumaini tu, na ameyapulizia rangi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimemweka Mzee mbele, tukapita ile njia. Nilimwambia anionyeshe kila alipokata kona. Alikuwa ameshika mkanda kwa mikono yote miwili.

Kwenye plaza ya msikiti zipo nguzo fupi za njano za kuzuia magari, mbele ya duka la mkate na kwa kinyozi. Nimezizunguka moja moja. Zote safi. Moja ina mikwaruzo, lakini ni myeupe na ya zamani, imeshaota kutu.

Mzee alikuwa ananitazama kutoka garini. Sikuweza kumficha uso wangu.

"Hakuna," akasema, kabla sijafunga mlango.

Nikamwambia labda wamezipaka upya. Hazikupakwa upya. Naye anajua, maana ndiye aliyemzaa fundi rangi.

Tukarudi nyumbani. Nilipita karibu na ile karatasi. Nikatazama upande mwingine.

Idrisa karudi, akanitazama, akaelewa. Kaingia bafuni akakaa muda mrefu. Nimemwambia kesho jioni tunakwenda polisi sote, Mzee, yeye na mimi, tuseme tunachokijua na tusichokijua. Hakubisha.

Mzee yeye akasema, "Kwa nini tungoje kesho?" Nikamwambia Baba, upumzike kwanza. Kusema kweli ni mimi niliyetaka siku moja zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Salma ndiye aliyetuokoa, na hakujua.

Asubuhi nimemwambia kwamba tumeshazungumza, hakuna siri tena, aseme alichokiona. Akasema kwa Kiingereza hakuona kitu, alikuwa anatazama tablet. Alisikia tu, karibu na sikio lake, akaogopa. Halafu donati yake ikaanguka.

Donati gani?

Akatazama chini. Babu humnunulia donati kabla ya chuo. Mama asijue, kwa sababu ya meno.

Hilo duka haliko kwenye plaza ya msikiti. Liko mbele zaidi. Unazunguka nyuma na gari, unaagiza dirishani, unapewa, unaondoka. Mzee alinionyesha njia yote jana, hili akaliruka. Nilipomuuliza akasema alimuahidi mtoto. Alikuwa tayari kwenda polisi, na siri ya donati kaitunza.

Tumekwenda mimi na yeye, Salma nimemwacha shuleni. Baada ya dirisha njia inabana na kukata kulia. Kwenye kona kuna nguzo mbili za njano, nene, zimesimikwa kwenye saruji. Ya pili imepinda kidogo. Ina bluu. Mstari mpana wa bluu, na chini yake mwingine mwembamba, kwenye kimo kile kile cha mlango. Nikasogeza gari karibu nipime. Nikaweka kiganja kwenye mlango wa mbele, ambao haukuguswa, nikatazama nguzo. Bluu yetu. Na zile chembechembe za fedha.

Gari nyuma yetu likapiga honi. Sikujali.

Nikamshika Mzee mkono, nikamleta. Akainama mpaka uso ukakaribia kugusa nguzo. Akaipapasa kwa vidole, juu na chini, pale penye bluu. Muda mrefu. Halafu akakaa kwenye ukingo wa saruji akaweka mikono kichwani, na mabega yakaanza kutetemeka.

"Nguzo," akasema. "Ilikuwa nguzo."

Nilikaa naye pale chini. Mfanyakazi wa duka akatoka kuuliza kama tunahitaji gari la wagonjwa. Nikamwambia hapana, na kwamba nguzo yenu tuliigonga sisi. Akaitazama akasema hiyo hugongwa kila wiki.

Polisi hatwendi tena, lakini yule bwana wa koti la njano bado yuko hospitali. Kuna mtu alimgonga na hajasema. Nimefurahi kwamba si sisi, halafu nikaona aibu kwa furaha yenyewe, halafu nikafurahi tena.

Ijumaa, 17 Oktoba

Daktari wa macho. Nilimpeleka mimi.

Ni presha ya macho. Imemla kidogo kidogo kwa muda mrefu. Katikati anaona, ndiyo maana anasoma Kurani na kumtambua kila mtu. Upande wa kulia hana kitu. Daktari kasema ubongo hujaza palipopotea, kwa hiyo mwenyewe hajui kwamba haoni. Kuna dawa ya matone ya kuzuia isiendelee. Kilichokwenda hakirudi. Na asiendeshe tena, daktari lazima aandike huko serikalini.

Nilimtafsiria yote, hata lile la mwisho. Nilidhani atabisha. Akauliza tu kama matone yanafunguza saumu.

Idrisa kapokea habari kwa simu. Akasema alhamdulillahi halafu akasema samahani. Nilimwambia nimesikia. Ndivyo tulivyo sasa. Tunazungumza habari za chakula na dawa. Jana kasema anapitia kwa Otieno, nami nikajikuta nahesabu kimoyomoyo vituo vya basi mpaka kwa Otieno. Sipendi nilivyo. Kila anachosema nakigeuza nione upande wa pili.

Alidanganya kumfichia baba yake aibu. Naelewa. Ningekuwa mimi na baba yangu sijui ningefanya nini. Lakini mlango ule ndio uliokuwa karibu na kichwa cha mwanangu, na alipouona alichofikiria ni rangi. Hilo sijalimaliza. Nimemwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Akasema, "Una haki." Hakuongeza neno, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimemwamini kidogo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tumekwenda chuo kwa basi. Mimi, Mzee na Salma. Majani yamedondoka karibu yote, njia nzima ya kituoni yamelowa.

Basi halikujaa. Mzee kakaa, Salma akamwambia asogee, akakaa kulia kwake. Eti daktari kasema Babu kulia haoni kitu, kwa hiyo yeye atakuwa huko. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikaa kiti cha nyuma yao.

Akawa anamwambia kinachopita. Kwa Kiingereza. Duka la maua. Mtu na mbwa wawili. Shule. Mzee anaitikia kwa Kiswahili, ehee, ehee. Akamuuliza mbwa wa rangi gani. Salma akajibu. Akauliza maua gani. Salma akasema hajui majina ya maua.

"Basi ukiona jingine, niambie tu rangi," Mzee akasema.

Idrisa ametuma ujumbe kwamba kafika kazini. Sikuwa nimemuuliza. Nimeusoma, nikarudisha simu mkobani.

Mbele ya makaburi Salma akatafuta neno la Kiswahili, akasema, "Miti. Miti mingi, Babu." Mzee akageuza kichwa chote kulia, kama daktari alivyomfundisha, akaiona.